Ati "karatasi yako nzuri, inafyonza mafuta"! Banange, huyu mtu atanimaliza

BintiReli (mleta uzi)

Salamu baadaye. Nimetoka Wandegeya, hapa Kampala, sasa hivi, niko ndani ya takisi, mikono inatetemeka mpaka konda kaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nimetukanwa.

Mnamjua. Jina silitaji, halina haja. Yule yule wa "mimi huko nimeshafika". Ukisema Mombasa, ameshafika. Ukisema Zanzibar, ana shangazi. Ukisema mwezini, atakuuliza upande gani. Huyo huyo.

Leo tulikaa kupanga safari ya Desemba, ile ya reli na meli tuliyoizungumza humu. Kikundi kizima, naye akiwemo, kilinikabidhi mimi kazi ya ratiba. Nikaifanya. Nimepiga simu Bukoba, nimepiga simu Mwanza, nimewasumbua watu wa mabasi Kisenyi mpaka wakiniona wanajificha. Watu wamelala, mimi nachora. Karatasi nne nimeziunga kwa selotepu: reli kwa kalamu nyekundu, maji kwa bluu, basi kwa penseli maana basi tunapanda kwa shida tu.

Nikaitandaza mezani. Nikaanza kueleza. Muchomo, nyama choma yetu, ukaja. Na tishu zikaja, naomba mlishike hilo, TISHU ZILIKUWEPO, rundo zima, katikati ya meza. Huyu bwana akamaliza paja lake la kuku, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, akanyoosha mkono, akaziruka tishu, akavuta ratiba yangu, akapangusa vidole kimoja kimoja kuanzia Bukoba mpaka Mwanza. Ziwa lote likawa linang'aa. Halafu akainua uso akasema: "Karatasi yako nzuri, inafyonza mafuta."

Watu wakacheka. Nyinyi mliocheka mko humu na ninawajua.

Kisha ndiyo akatoa "mpango" wake. Ati tupande treni hapa Kampala moja kwa moja hadi Mombasa, kwa sababu ameona kwenye habari kwamba SGR, ile reli mpya ya kisasa, ya Malaba mpakani na Kenya imeshaanza. Jamani! Kilichofanyika Oktoba 2024 ni kutia saini mkataba wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Saini! Yeye anataka tupande saini! Treni ya abiria hapa kwetu ni ile ya Namanve ya watu wa kazini. Na ati kila mtu aje na kitambulisho cha taifa tu. Kitambulisho kinakupitisha Kenya, kinakupitisha Rwanda, ila Tanzania wanataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano uwe nayo. Watu kumi na mabegi yao wangerudishwa mpakani Mutukula kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kuchukua tishu iliyo mbele yake.

MtotoWaKisenyi

Pole dada. Ila vidole vyote vitano? Na kidole gumba?

BintiReli

Kidole gumba alikipangusia bandari ya Kemondo.

MjukuuWaBombo

Huyo namjua vizuri. Pasaka alituchelewesha gatini Nakiwogo. Kivuko cha Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, kinaondoka saa nane mchana, ulimwengu mzima unajua, yeye saa nane kasoro dakika tano yuko ng'ambo ya barabara anabishana bei ya nanasi. Tukabaki tunaangalia meli inaishia. Akatuambia "mimi Ssese nimeshafika, hamkosi kitu".

BintiReli

Umeona! Umeona! Na mimi nilikaa na mtu huyo meza moja, tishu zipo, akachukua ziwa langu.

Fundi_Gulu

Nnyabo, mimi nitasema ukweli hata kama utakasirika. Mwaka huu watu wana simu. Ratiba ya karatasi nne na selotepu ya nini? Ungeiweka kwenye simu asingepangusia.

BintiReli

Angepangusia simu. Wewe humjui.

Na karatasi unaitandaza watu kumi wakaona kwa pamoja, simu mnapokezana kama chetezo. Nimeweka kila kitu pale. Jioni tunapanda MV Victoria pale Bukoba, ile meli ya miaka ya 1960 iliyokarabatiwa ikarudi majini 2020, inapita Kemondo, asubuhi unaamka Mwanza, mawe yamesimama ndani ya maji kama yamepangwa na mtu. Siku hiyo tunavuka kwa boti hadi Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo mjini kabisa. Kutoka Mwanza ni reli ya zamani, iliyofika pale mwaka 1928, hadi Tabora na Dodoma. Dodoma tunahamia treni ya umeme, iliyoanza kubeba watu mwaka 2024, hadi Dar. Zanzibar ni boti ya kama saa mbili, tukamwone kima punju msitu wa Jozani. Kurudi tunapitia Mombasa, kivuko cha Likoni ambacho mtembea kwa miguu halipi, treni ya mchana kupita Tsavo tuone tembo, Nairobi tunachukua ile ya Kisumu iliyorudishwa Desemba 2021, Busia, nyumbani. Miji, ziwa, bahari, mbuga, msitu, yote kwenye karatasi MOJA. Sasa inanukia kuku.

DerevaWaMasaka

Ratiba nzuri sana hii dada, naiheshimu. Swali langu ni moja. Huyo kuku alilipa nani?

BintiReli

MIMI.

MtotoWaKisenyi

Mungu wangu.

Mama_Nansana

Hapo sasa umenichoma moyo, mwanangu. Kula kuku wa mtu halafu umpangusie kazi yake. Huyo alilelewa na nani?

BaharaWaPortBell

Binti, mbona Kigoma hukuiweka? Unapita Tabora halafu unaiacha Kigoma? Njia inagawanyika pale pale! Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikaenda kuhudumia Ziwa Tanganyika lote hadi Mpulungu kule Zambia. Unaniambia safari ya reli na meli bila Liemba? Hiyo ratiba ilistahili kupanguswa.

BintiReli

RUDIA HAPO.

BaharaWaPortBell

Nimesema hivyo kwa mapenzi ya meli.

Fundi_Gulu

Liemba imekaa matengenezoni miaka, usimpeleke mtu Kigoma kabla hujapiga simu bandarini. Mimi nashangaa mmeiacha reli ya TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, unakaa dirishani unapita ndani kabisa ya mbuga, twiga wanakutazama. Reli ile ndiyo safari. Nyinyi mnashindana kupanda boti za kwenda kula urojo.

Mama_Nansana

Urojo usiuguse.

MjukuuWaBombo

Kwa kuwa tumefika Tsavo, nina donge langu. Nilipanda ile treni ya kwenda Mombasa mwaka jana, nikaomba dirisha, nikakosa. Jamaa aliyepata dirisha akavuta pazia akalala. AKALALA. Behewa zima linapiga kelele "tembo, tembo", watoto wamepanda juu ya viti, mimi naangalia pazia. Nikamgusa begani kwa adabu, "kaka, samahani, tembo". Akafungua jicho moja akasema "nimewaona kwenye televisheni".

DerevaWaMasaka

Huyo na yule wa kuku ni ndugu.

MtotoWaKisenyi

Upande wenyewe wa tembo ni kulia ukitoka Nairobi.

MjukuuWaBombo

Kushoto.

MtotoWaKisenyi

Kulia, ssebo. Nilikaa kulia nikaona.

Fundi_Gulu

Tembo hawana upande. Tembo hawajakata tikiti.

BintiReli

Jamani uzi huu ni wa karatasi yangu. Kuna mtu humu aliyekuwepo mezani na hajasema neno. Anajijua. Nakuuliza mbele ya watu: tishu zilikuwepo au hazikuwepo?

Kimya_Ntinda

Zilikuwepo.

BintiReli

Na wewe ulicheka au hukucheka?

Kimya_Ntinda

Dada, alivyosema "inafyonza" alifumba jicho moja kama mtu wa tangazo la sabuni. Kicheko kilinitoka chenyewe. Samahani sana.

Mama_Nansana

Mimi nataka tuongee jambo la maana kidogo. Mnaongea meli kama harusi. Baba wa jirani yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na hakurudi. Tangu hapo nikipanda chombo cha maji, cha kwanza naangalia boya liko wapi. Sasa safari iliyopita nimemkuta kijana amekusanya maboya ameyapanga chini kama godoro, amevua viatu, amejilaza. Nikamwambia mwanangu, hayo ni maisha ya watu. Akanijibu, "mama, sakafu ni baridi". Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Mtu analalia roho za abiria wenzake!

DerevaWaMasaka

Ungemnyang'anya.

Mama_Nansana

Nilimnyang'anya. Nikavaa moja, jingine nikampa bibi aliyekuwa kando yangu, naye akanuna njia nzima.

BaharaWaPortBell

Mama umefanya vyema. Na wale wanaoziba njia kwa magunia? Mlango wa dharura uko pale, mtu ameweka gunia la mukene, dagaa wetu, ukubwa wa jokofu, ukimwambia anasema "nashuka karibu". Tuko katikati ya ziwa! Unashuka karibu wapi?

MtotoWaKisenyi

Mukene tena msituguse. Mimi ndio riziki yangu.

BaharaWaPortBell

Basi ni wewe! Lile gunia lilikuwa lako!

MtotoWaKisenyi

Langu huwa nalifunga kwenye kaveera mbili, mifuko ya plastiki, halinuki.

MjukuuWaBombo

Halinuki? Mtu alipakia mukene kwenye buti la basi chini ya begi langu. Nilifika harusini Mbarara nimevaa suti inayonuka gati. Bwana harusi alinikumbatia akarudi nyuma. Picha zote nimesimama pembeni peke yangu.

BintiReli

Hivi mnanisoma? Karatasi NNE. Selotepu. Kalamu ya bluu imeyeyuka kwa mafuta, Mwanza haisomeki, na saa za meli nilikuwa nimeziandika hapo hapo. Naye kanitumia ujumbe sasa hivi, sikilizeni: "Usikasirike, nitumie namba ya yule wa Bukoba, nataka nipange mwenyewe." Nimtumie? Mimi?

Fundi_Gulu

Mtumie namba ya kituo cha polisi.

DerevaWaMasaka

Usimtumie kitu. Tufungue kikundi kipya bila yeye, mimi nakuja, Mama Nansana anakuja na maboya. Lakini kwanza tukubaliane: mukene hapandi.

MtotoWaKisenyi

Kwa nini mukene hapandi? Ukifika Mwanza utanunua dagaa wale wale urudi nao, halafu uniambie ni zawadi. Wa kwangu ni mzigo, wa kwako ni zawadi?

Mama_Nansana

Wa Mwanza wamekaushwa vizuri juu ya vichanja, hawana mchanga. Wa kwako mwezi uliopita nimewachambua mpaka jino likalia.

MtotoWaKisenyi

Mama, wale hukununua kwangu. Mimi kibanda changu kiko upande wa stendi, karibu na mashine ya kusaga. Wa mchanga ni wa yule anayekaa kona.

Mama_Nansana

Nilinunua kona.

MtotoWaKisenyi

Basi! Huyo wa kona anawaanika chini kwenye udongo, kila mtu analia naye, na anauza bei ileile yangu. Nimemripoti kwa mwenyekiti wa soko, mwenyekiti ni shemeji yake.

BaharaWaPortBell

Mwenyekiti wa kilemba au mwenyekiti wa pikipiki?

MtotoWaKisenyi

Wa pikipiki. Yule aliyehamisha choo.

Mama_Nansana

Ndiye aliyehamisha choo?! Jumamosi nakuja huko mwenyewe.