Ukwaju kwenye mchuzi wa samaki wa nazi: tui linakatika na ladha ina ukakasi

NaziMbili: Salaam wapishi. Nguru kilo 1, nazi 2, ukwaju wa bonge nusu kikombe. Ukwaju nausaga na maji kwenye blenda, nachuja, namimina tui likiwa linatokota. Mafuta yanaelea, chini panabaki chenga nyeupe, na ulimi unakakamaa. Ukwaju uingie wakati gani, na kiasi gani? Ule mweusi wa kopo je, unafaa?

UpawaNaChungu: Alaikum salaam. Ukakasi unatoka kwenye blenda. Kokwa zikipasuka, lile ganda lake la kahawia linaingia kwenye rojo, na hakuna chujio litakaloliondoa.

Loweka gramu 100 kwenye kikombe kimoja (ml 250) cha maji ya moto kwa dakika 20. Fikicha kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa na nyuzi, kisha pitisha kwenye chujio la matundu ya wastani. La chai litaziba. Geuza chujio ukwangue upande wa chini, maana rojo zito kuliko lote hunata hapo na wengi wanalisuuza na kulimwaga! Kwa kilo ya samaki anza na vijiko vikubwa 3.

Sasa tui. Asidi peke yake au moto peke yake linaweza kuvumilia kidogo, vikikutana linakatika. Kwa hiyo ukwaju uingie mapema, kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari na pilipili, uchemke dakika 5 hivi. Punguza moto kabisa ndipo umimine tui zito, ukikoroga kwa upawa bila kuacha. Samaki aliyekwisha kukaangwa arudi sasa. Vipovu vikianza kuonekana pembeni, epua. Usifunike, mvuke utalichemsha upya.

Mkungumanga: Naongezea nyanya. Nayo ina asidi, kwa hiyo penye ukwaju 1 inatosha. Chumvi ionjwe baada ya ukwaju kuiva, hasa kwa papa mkavu ambaye tayari ana chumvi yake. Ukitia viazi, viive kwanza: kwenye maji yenye ukwaju hubaki vigumu hata ukichemsha saa nzima.

Wa kopo unafaa, ila umechemshwa ukapungua maji, una nguvu sana. Kijiko cha chai 1 badala ya kijiko kikubwa 1 cha rojo la nyumbani, na uukoroge kwanza kwenye maji ya vuguvugu, la sivyo utazama na kunata chini ya sufuria. Soma lebo, baadhi vina chumvi.

NaziMbili: Shukrani sana. Tui likishakatika kuna dawa? Na rojo likibaki?

UpawaNaChungu: Halirudi kama lilivyokuwa. Epua upesi, vuruga kijiko cha chai 1 cha konfloa kwenye maji baridi, mimina taratibu huku unakoroga, rudisha kwenye moto mdogo dakika 2. Mchuzi utashikana kiasi cha kupakuliwa kwa wageni.

Rojo lililobaki lichemshe dakika 5, lipoe, tia kwenye chupa ya kioo. Kwenye friji linakaa wiki. Usililaze kwenye sufuria ya alumini, asidi huila na rojo huchukua ladha ya chuma. La muda mrefu ligandishe kwenye trei ya barafu, kisha vipande uvitie kwenye mfuko.

Mkungumanga: Pima trei yako kwanza kwa maji. Nyingi kila tundu ni vijiko vikubwa 2, basi kilo ya samaki ni kipande kimoja na nusu.