Meseji za wateja zimenizidi: WhatsApp, Telegram, Messenger, Insta. Mnazimudu vipi?

MamaDagaa_Kibirizi
Mwakeye wakuu. Nauza dagaa na migebuka mikavu hapa Kibirizi, Kigoma, wateja wengi wako Dar. Mzigo haunisumbui, kinachonisumbua ni simu. Huyu yuko WhatsApp, yule Messenger, vijana Insta, na kuna mzee mmoja wa Telegram, kwingine hataki hata kusikia.

Wiki iliyopita yakanikuta. Jamaa mwenye picha ya gari akaagiza kilo 20 Messenger. Usiku huohuo WhatsApp ikaingia namba ngeni, jina ni kikatuni cha simba tu: "Dada, zile 20 zangu zipo?" Nikajibu zipo. Asubuhi nikapakia maboksi mawili kwenye basi. Kumbe mtu ni yuleyule! Boksi la pili likarudi, nauli juu yangu, na dagaa nusu wamevunjika vichwa.

Nasikia kuna programu inakusanya chati zote pamoja. Ipo kweli?

FundiSimu_Mwanga
Ipo dada, wala si jambo geni. Zamani kwenye kompyuta tulikuwa na Pidgin, ilianza 1998 ikiitwa Gaim, unaingiza Yahoo na MSN humohumo. Siku hizi jaribu Beeper, inabeba zote nne ulizotaja. Ila kwa WhatsApp inahesabiwa kama kifaa kilichounganishwa, na mwisho ni vinne. Kama shida ni Messenger na Insta tu, tumia Meta Business Suite, ni bure.

Asali_Ipuli
Niko Tabora, nauza asali. Mama, hata ukizikusanya, gari na simba watabaki majina mawili. Mie Insta na Messenger sipokei oda kabisa. Mtu akiandika namtupia kiungo: wa.me/ halafu namba yangu inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha. Akibofya anatua WhatsApp Business, huko nina lebo: oda mpya, kalipa, imepakiwa. Na daftari lipo palepale! Oda naiandika kwa namba ya simu ya mpokeaji, jina baadaye. Namba ikijirudia naiona kabla sijafunga boksi.

MamaDagaa_Kibirizi
Hiyo ya namba ya mpokeaji, yaani ningejua mapema! Swali jingine: ikifika mbalamwezi boti haziendi ziwani, basi kutwa nzima "mzigo upo?", "mzigo upo?" Vidole vinakufa ganzi.

FundiSimu_Mwanga
WhatsApp Business hiyohiyo ina majibu ya haraka. Andika mara moja "Ni mbalamwezi, boti hazijaingia ziwani, nitakutaarifu", uipe neno *mwezi*. Baadaye ukiandika /mwezi, sentensi yote inakuja yenyewe.

MamaDagaa_Kibirizi
Asanteni jamani, leo jioni nafanya. Na mzee wangu wa Telegram je?

Asali_Ipuli
Huyo mpigie tu.