Acheni kuwaita wasaliti Wamarekani wanaompigia kura mgombea wa chama kingine

Wakuu, nimechoka na hili. Kila uchaguzi wa rais wa Marekani ukiisha, matusi ni yale yale: aliyemwacha mgombea wa chama chake ni msaliti, mjinga, kanunuliwa. Mwaka 2016 walitukanwa Wademokrati walioacha kumpa kura Hillary Clinton wa chama chao. Mwaka 2020 wakatukanwa Warepublican waliompa kura Joe Biden wa Democratic. Nauliza: wamemsaliti nani? Kule Michigan na Wisconsin mtu anapojiandikisha kupiga kura haulizwi hata ni wa chama gani. Hana kadi, hana kiapo. Huo usaliti unatoka wapi?

Tazameni Kaunti ya Macomb, jirani na Detroit, huko huko Michigan. Watu wa viwanda vya magari, wanachama wa vyama vya wafanyakazi, mwaka 1960 walimpa John F. Kennedy wa Democratic kura kwa kishindo. Mwaka 1984 kaunti hiyo hiyo ikampa Ronald Reagan wa Republican karibu theluthi mbili ya kura zake. Wakapachikwa jina la Wademokrati wa Reagan, na mpaka leo wanasimuliwa kana kwamba walilogwa. Hawakulogwa. Bei zilikuwa zimepanda kwa miaka, viwanda vinapunguza watu, na chama walichokizoea kiliendelea kuhesabu kura zao kabla hazijapigwa. Ndiyo, chuki ya rangi nayo ilikuwemo, hasa ile hasira juu ya watoto kupelekwa kwa mabasi shule za mbali ili weusi na weupe wachanganyike. Siifichi na siitetei. Lakini Macomb ilimchagua Barack Obama mwaka 2008, ikamrudia 2012, ndipo ikaenda kwa Donald Trump 2016. Mwenye maelezo ya neno moja kwa hayo yote aniambie.

Wala Macomb haikuwa peke yake. Kaunti 206 zilimpa Obama mara mbili kisha zikampa Trump 2016. Howard, kaunti ndogo ya wakulima kaskazini mwa Iowa, ilimpa Obama ushindi wa zaidi ya pointi 20 za asilimia mwaka 2012. Miaka minne baadaye ikampa Trump ushindi wa zaidi ya pointi 20. Obama alipokuwa anashinda, watu hao waliitwa wananchi waungwana wa mashambani. Leo wanaitwa wajinga. Akili ya mtu haipotei ndani ya miaka minne!

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki: lawama haziendi juu. Clinton hakukanyaga Wisconsin hata mara moja baada ya kuteuliwa na chama chake, kisha akaikosa kwa kura zisizofika 23,000. Michigan aliikosa kwa kura 10,704. Mgombea haji kwako, haombi kura yako, halafu akishindwa unaambiwa wewe ndiye uliyemwangusha. Kura si shamba la urithi ambalo chama kinalikuta limeshalimwa.

Warepublican nao wasijifiche nyuma ya hili. Arizona, jimbo la John McCain, marehemu seneta aliyewania urais kwa Republican mwaka 2008, Biden alishinda mwaka 2020 kwa kura 10,457. Cindy McCain, mjane wake, alikuwa amemuunga mkono Biden hadharani. Januari 2021 chama cha jimbo kikakaa na kupitisha azimio la kumlaani. Badala ya kujiuliza kwa nini watu wake wa miaka mingi wameondoka, kikamwadhibu aliyesema wazi.

Wanaosema hawa watu hawajui wanachofanya waangalie North Carolina mwaka 2024. Trump alilichukua jimbo. Siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, Josh Stein wa Democratic alishinda ugavana kwa karibu pointi 15. Maelfu kwa maelfu walishika kalamu, wakatia alama kwa Mrepublican kwenye urais, wakashuka kidogo wakatia kwa Mdemokrati. Mtu huyo kasoma jina moja moja. Anayefuata chama toka juu mpaka chini bila kuangalia ndiye hatukanwi kamwe.

Basi anayetaka kuendelea na neno msaliti aje hapa anionyeshe ahadi iliyovunjwa na mpiga kura wa Howard. Ya mpiga kura, siyo ya mgombea.