Mada: ILR (kibali cha kuishi Uingereza moja kwa moja) imekwama, dogo ana kesi ya kujihami. Tujibu nini?

Baba Zawadi, Leicester
Ndugu zangu, salaam. Nina siku chache tu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliingiliwa na mwizi usiku nyumbani. Wakakutana ngazini. Dogo alikuwa ameshika mchi, ule wa mninga mama alionitumia kutoka Korogwe, akampiga nao pigo moja. Mwizi alifia hospitali siku ya tatu. Dogo yuko nje, RUI, yaani ameachiwa huku uchunguzi ukiendelea, anatakiwa kuripoti kituoni kila Jumatatu. CPS, waendesha mashtaka, hawajaamua lolote. Ombi la ILR lilikuwa limeshapelekwa. Sasa imekuja barua ya uhamiaji: ndani ya siku 10 za kazi aeleze tukio zima kwa maandishi na aambatanishe barua ya polisi ya matokeo. Matokeo yapi jamani, na kesi haijaanza? Wakili wa jinai anasema asiandike hata herufi moja. Wakili wa uhamiaji anasema asipojibu ombi linatupwa. Nimsikilize nani?

Shomari, Reading
Pole sana kaka. Barua kama hizo nazijua, mimi walinisumbua miezi saba kwa ajili ya faini ya mwendo kasi. Kila miezi sita mwajiri anaomba PVN upya, ile hati ya uhamiaji ya kuthibitisha kwamba naruhusiwa kufanya kazi, na kila mara bosi ananitazama kama nimeiba mashine. Ila dogo asihofu. Aliyejihami akazidisha nguvu kosa lake ni kuua bila kukusudia, si mauaji. Kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kimeandikwa wazi kabisa.

Mzee Athumani, Croydon
Shomari, usiwapotoshe watu. Kifungu hicho ni cha kwetu. Hapa ni kinyume chake. Mwaka 1995 Mabwana wa Bunge, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya hapa wakati huo, waliamua kesi ya Clegg, askari aliyefyatulia risasi gari la wizi Belfast. Wakasema ukizidisha nguvu, na nia yako ilikuwa kuua au kujeruhi vibaya, utetezi wa kujihami unaanguka wote na unabaki na mauaji. Hakuna ngazi ya katikati. Wenyewe walikiri sheria hiyo ni kali, wakasema kuibadilisha ni kazi ya Bunge.

Kuua bila kukusudia hapa kunaingia kwa milango mingine. Mmoja ni kwamba hukukusudia kuua wala kuumiza vibaya. Mwingine ni sheria ya 2009: ulipoteza kujizuia kwa kuhofia kufanyiwa ukatili mkubwa. Halafu kuna ugonjwa wa akili. Yule mkulima wa Norfolk, Tony Martin, wengi wanadhani alipunguziwa kosa mwaka 2001 kwa kuwa alikuwa akilinda nyumba yake. Sivyo. Hoja ya kujihami ilikataliwa, kilichomwokoa ni ripoti za madaktari wa akili.

Bi Mtumwa, Cardiff
"Kwetu" kwa nani, mzee wangu? Sura ya 16 ni ya Bara. Zanzibar tuna sheria yetu ya adhabu. Kila siku mnatumeza tu.

Shomari, Reading
Haya, Muungano umeshaingia.

Onyango, Slough
Kenya nayo ni vituko. Kifungu cha 17 kinasema kujihami kuamuliwe kwa kufuata sheria ya mazoea ya Uingereza. Lakini Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, tangu kesi za 1951, ilikuwa ikiwapa waliozidisha nguvu kosa la kuua bila kukusudia. Kumbe sisi tuliopewa sheria tukawa wapole kuliko waliotupa.

Rehema, Hamburg
Huku Ujerumani kifungu cha 33 kinasema aliyevuka mpaka wa kujihami kwa kuchanganyikiwa, hofu au mshtuko haadhibiwi.

Shomari, Reading
Dada Rehema, dogo yuko Leicester.

Mzee Athumani, Croydon
Tena tusisahau, tangu 2013 mwenye nyumba anayepambana na mvamizi amelegezewa kidogo. Nguvu iliyozidi si lazima imtie hatiani, mradi isiwe imepita kiasi kupindukia. Hata hivyo jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani bado litajiuliza kama ilikuwa ya busara kwa jinsi mambo yalivyoonekana machoni pake usiku ule. Na ni ndani ya nyumba tu. Ukimkimbiza hadi barabarani, nafuu hiyo huna.

Halafu kama anaripoti kituoni, hiyo si RUI, ni dhamana ya polisi. RUI haina masharti. Msome karatasi mliyopewa.

Baba Zawadi, Leicester
Shikamoo mzee, nashukuru. Ni dhamana kweli, nimeitazama. Kuhusu ndani na nje, pigo la kwanza lilikuwa ngazini. La pili sina hakika, dogo anasema mlango wa nyuma ulikuwa wazi na yule mtu alikuwa ameshatoka mguu mmoja

Onyango, Slough
Kwa barua ya kwanza ulisema pigo moja.

Shomari, Reading
Mguu mmoja si bado yuko ndani? Nyumbani ungepiga kelele ya mwizi mara moja tu, mtaa mzima unatoka na matairi, na hakuna anayeulizwa alisimama wapi.

Bi Mtumwa, Cardiff
Na wewe unalisifia hilo? Kwetu Ng'ambo walimuua mtoto wa watu hivyo hivyo, kumbe alikuwa anakimbilia daladala.

Mama Nuru, msimamizi
Baba Zawadi, mwanangu, acha kuandika. Orodha hii ina watu mia nne na barua zote zinahifadhiwa. Nimeshaifuta ile ya mlango, lakini waliokwisha kuipokea wanayo. Mapigo mangapi na miguu mingapi ni ya wakili peke yake. Wengine pia, basi.

Baba Zawadi, Leicester
Nimekuelewa mama, nisamehe. Lakini barua ya uhamiaji mwisho wake Alhamisi, na bado sijajua tuandike nini.

Mzee Athumani, Croydon
Wale mawakili wawili wameshaongea wao kwa wao? Wapigie wote kesho asubuhi.

Baba Zawadi, Leicester
Wa jinai yuko likizo hadi Ijumaa.

Mama Nuru, msimamizi
Jumamosi nakuja Leicester kwa arusi. Mchi najua polisi wanao, nitakuletea kisamvu kilichokwisha kutwangwa.