Stendi ya kuanikia nguo ya "kilo 20" imelala chini na kilo 11, mwanangu kaumia kidole. Wauzaji, mnatuuzia nini?

Habari zenu wakuu. Nimejizuia siku nne nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Naishi ghorofa ya tatu, Sinza. Mwenye nyumba hataki kuona kamba barazani, na kamba za uani zinagombaniwa na jengo zima. Nina mtoto wa miezi minne anayevaa nepi za kitambaa, na kaka yake wa miaka minne. Masika ya Dar mnayajua: mvua alfajiri, kijua cha kudanganyia, unaanika, mvua inarudi unakimbilia kuanua. Nguo inakaa siku tatu mbichi, ukija kuivaa inanuka uvundo. Na msiniambie nitandaze kwenye majani huko chini. Kuna yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga, funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtu. Mtoto mchanga simfanyii hivyo, hata kama pasi ya kuua hayo mayai ninayo. Stendi ya kuanikia ndani kwangu ni kitu cha lazima kama jiko.

Nikaenda Kariakoo. Nikachagua ile ya kukunja yenye mabawa mawili, shilingi 85,000. Boksi limeandikwa inabeba kilo 20 na haishiki kutu. Nilimuuliza muuzaji mara mbili, tena nikiwa nimeshika bomba lenyewe mkononi. Akanijibu, "Dada yangu, hii stenlesi tupu, utamwachia mjukuu." Nikamwomba aifungue niione imesimama, akasema boksi likifunguliwa wateja wengine hawalitaki. Nikamwamini, nikalipa.

Wiki ya tatu ikaanguka.

Siku hiyo nilikuwa nimeanika shuka mbili za sita kwa sita, taulo mbili, mashati matatu ya shule ya mdogo wangu, nepi kumi na mbili na jinzi moja. Niligawanya sawasawa kulia na kushoto, najua stendi ya mabawa ikielemewa upande mmoja inapinduka. Baada ya kama nusu saa kile kiungo cha plastiki kinachoshika mguu kikakatika, miguu ikajifunga kama mkasi, na mwanangu alikuwa ameshika bomba anacheza. Kidole cha shahada kikabanwa katikati. Zahanati wametuambia mfupa mzima, kucha itatoka. Yule mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka hatua mbili kutoka pale shuka zilipoangukia. Kila nikikumbuka hizo hatua mbili natetemeka.

Zile nguo, zikiwa bado zimelowa vilevile, nilizitia kwenye beseni nikazipeleka kwa Mangi mwenye duka hapo chini akanipimia kwenye mzani wake. Ukitoa beseni, kilo 11. Nilipozipima tena zimekauka, kilo 5. Yaani kilo 6 nzima ni maji, lita sita. Hapa ndipo penye tatizo na wauzaji hawapasemi. Sisi wengi tunafua na kukamua kwa mkono. Nguo iliyokamuliwa kwa mkono inabaki na maji mengi kuliko iliyotoka kwenye mashine ya kuzungusha. Mtu anayepima stendi kwa nguo kavu, au nguo za mashine, hajapima mzigo wangu mimi. Na hata hivyo, kilo 11 si kilo 20!

Sasa kutu. Niliponunua sikuwa na sumaku ya kujaribia kama ni stenlesi kweli. Baada ya ajali nikabandua sumaku ya friji nikaiweka kwenye bomba, ikang'ang'ania. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Lakini nimejifunza jingine kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu: hata sumaku isiposhika, usishangilie. Kuna stenlesi ya namba 304 na kuna ya namba 201. Zote mbili sumaku inaweza isishike, ila hiyo 201 ina nikeli kidogo, ile metali inayosaidia kuzuia kutu, na kwenye upepo wa chumvi kama wetu inaanza madoa mapema. Wa Mbezi Beach, Msasani na Kigamboni mnielewe. Akanionyesha pia ncha za mabomba yangu, ziko wazi, hazina vifuniko. Maji yanaingia, yanakaa, chuma kinaliwa kuanzia ndani huku nje kunang'aa.

Matokeo yake ni mashati mawili meupe ya shule yenye mistari ya kutu mgongoni. Moja nimeliokoa kwa ndimu na chumvi nikalianika juani. La pili dada anayenisaidia alilitia jiki kabla sijamwahi, doa likazidi kukolea. Doa la kutu halitoki kwa jiki, jamani, msijaribu.

Kingine kilichoniudhi ni ukubwa. Fito zake zina sentimita 55. Khanga ina mita moja na nusu kwenda juu, mnataka niikunje mara tatu? Nguo iliyokunjwa mara tatu haikauki, inaoza. Fito na fito zimeachana vidole viwili, upepo upite wapi? Kwenye picha ya boksi wameanika visoksi na fulana tatu za mtoto, kila kitu kinapumua vizuri. Nani kwenu anafua fulana tatu?

Nimerudi dukani na stendi yenyewe na risiti. Jamaa hata hakuniangalia usoni.

"Uliibebesha mzigo mkubwa, dada."

Nikamwambia, kaka, boksi linasema kilo 20, mimi niliweka 11, nimepima.

"Hiyo ni ya nguo nyepesi."

Mbona siku ya kununua hukusema ni ya nguo nyepesi? Akaninyooshea kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwonyesha picha ya kidole cha mwanangu, akasema pole, akamgeukia mteja mwingine. Kumuuzia stendi hiyohiyo!

Hayo maandishi ya kwenye risiti yasiwatishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu ubora wa kitu anachonunua, ndiyo inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kuandika "haishiki kutu" juu ya chuma kilichopakwa rangi ni kupotosha, sioni jina jingine. Naandaa malalamiko yangu: risiti, boksi, picha, vipimo vya mzani.

NYONGEZA: Kuna aliyesema ningenunua ya mnara yenye magurudumu. Ndugu yangu, nimeiona kwa jirani. Haichukui nafasi, ni kweli, lakini shuka ikining'inia ghorofa ya juu inagusa na kulowesha zile za chini, na viungo ni plastiki ileile, tena vingi zaidi. Kama una mtoto anayejifunza kusimama, ataikamatia hiyohiyo anyanyukie.

NYONGEZA 2: Mliouliza niangalie nini safari hii. Sinunui kitu kilichofungwa. Kifunguliwe kisimame mbele yangu, nikiegemee kwa mikono miwili nikitikise. Kiungo cha mguu kiwe cha chuma na kishikwe kwa bolti, maana bolti ikilegea nakaza mwenyewe, plastiki ikikatika ndiyo basi. Kiwe na kizuizi cha kushikilia miguu isijifunge yenyewe. Hiki kwa mwenye mtoto ndicho cha kwanza kabisa. Fito zisipungue sentimita 75. Na nikifika nyumbani naiweka karibu na dirisha na feni, si chumbani tunakolala, kwa sababu zile lita sita zinaishia hewani na ukutani, ukungu unaota, na mdogo wangu ana pumu.

Fundi wangu anasema anaweza kunitengenezea ya bomba la nusu inchi, apige rangi ya kuzuia kutu na azibe ncha, kwa shilingi 95,000. Hofu yangu ni uzito, nitaibebaje kuisogeza peke yangu na mtoto mgongoni? Aliyewahi kutengenezewa aniwekee hapa vipimo vyake na picha ya ule mkunjo wa miguu, hasa namna walivyoweka kizuizi. Fundi anaanza kazi Jumatatu.