Kundi la kulinganisha lipewe nini? Mjadala wa majaribio ya dawa za saratani ya kongosho Dar

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili moja kwa moja. Dawa mpya za saratani ya kongosho zinakuja kwa kasi ambayo haikuwapo miaka ishirini iliyopita. Tuchukulie mfadhili wa nje anabisha hodi hospitali moja ya hapa Dar na jaribio la awamu ya tatu, yaani lile kubwa la kulinganisha tiba mbili, kwa wagonjwa ambao ugonjwa umeshasambaa. Nusu watapewa gemisitabini, dawa ya kemo ya dripu, pamoja na dawa mpya; nusu nyingine, ndilo kundi la kulinganisha, gemisitabini peke yake. Tumkubalie?

Mimi nasema hapana. Gemisitabini peke yake ilishika usukani mwaka 1997, ilipoonyesha wastani wa kati wa kuishi wa miezi 5.65 dhidi ya 4.41 ya fluorourasili, kemo ya zamani zaidi. Mwaka 2011 Wafaransa wakatoa mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX: miezi 11.1 dhidi ya 6.8 ya gemisitabini, kwa wagonjwa 342. Mwaka 2013 gemisitabini ikaongezewa kemo nyingine, nab-paklitakseli, ikafika 8.5 dhidi ya 6.7. Mgonjwa mwenye nguvu zake akiwa Paris hawezi kuwekwa kwenye dripu ya gemisitabini tupu kwa jina la utafiti. Kwa nini wa Mbagala awekwe?

Mfamasia wa Upanga

Ndugu, hoja yako naielewa, lakini tuishushe hadi kwenye chumba cha kuchanganyia dawa. Mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.6 akipewa FOLFIRINOX kwa dozi kamili anahitaji okzaliplatini miligramu 136, irinotekani 288, leukovorini 640, fluorourasili 640 ya kusukuma kwenye mshipa, kisha fluorourasili 3,840 inayoingia polepole kwa saa 46. Kila baada ya wiki mbili unaanza upya.

Okzaliplatini inachanganywa kwenye maji ya sukari tu, dekstrozi ya asilimia 5. Ikikutana na maji ya chumvi, kloridi inaiharibu. Mpira wa dripu nao usafishwe kwa dekstrozi kabla na baada. Kosa hili hutokea kirahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwenye wodi zetu chupa iliyo karibu na mkono siku zote ni ya chumvi.

Halafu zile saa 46. Humlazi mgonjwa siku mbili kila awamu, kitanda kiko wapi? Unamfungia pampu ya puto, aende nayo nyumbani. Haihitaji umeme, hilo ni zuri. Ila mwendo wake unategemea joto: dawa ikipata moto inakuwa nyepesi na inapita haraka. Kile kidhibiti kidogo cha mwendo wa dawa kimetengenezwa kikae kimegusa ngozi, kwenye joto linalojulikana. Mgonjwa akiketi kwenye daladala la mchana wa Februari, pampu imepigwa na jua dirishani, dawa ya saa 46 inaweza kwisha kabla ya wakati, na sumu yake kinywani na tumboni inaongezeka.

Na katika jaribio hilohilo la 2011, seli nyeupe za kinga zilishuka vibaya kwa asilimia 45.7 ya waliopewa FOLFIRINOX, dhidi ya 21.0 kwa gemisitabini. Hao wanahitaji filgrastimu, sindano ya kupandisha seli hizo, inayokaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na hospitali ya kukimbilia usiku homa ikianza. Ukiandika FOLFIRINOX kwenye itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio, bila kuweka haya kwenye bajeti, umeandika vifo.

Mtakwimu

Mfamasia amesema kweli, ila hiyo ni sababu ya kumdai mfadhili alipie pampu, filgrastimu na kitanda cha dharura. Si sababu ya kumpunguzia kazi.

Tatizo langu na gemisitabini tupu ni la kihesabu pia. Ukishindana na dhaifu, ushindi wako hauelezi kitu. Dawa mpya ikifika miezi 9 dhidi ya 6.5 itatangazwa kuwa mafanikio, wakati hakuna anayejua kama ingeishinda FOLFIRINOX. Wagonjwa wetu watakuwa wamejibu swali ambalo halimsaidii mtu anayechagua dawa ya kununua.

Na tusisahau kwamba mji huu umeshapita njia hii. Jaribio la PETRA la miaka ya 1990, la kuzuia VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lilifanyika Dar, Uganda na Afrika Kusini. Lilikuwa na kundi la dawa bandia, ilhali tangu 1994 ilijulikana kwamba zidovudini, dawa ya VVU, inakinga. Watetezi walisema kozi ndefu haiwezekani Afrika, kwa hiyo kulinganisha na dawa bandia ni sawa. Kundi hilo lilisimamishwa mwaka 1998 baada ya matokeo ya Thailand kuonyesha kwamba hata kozi fupi inakinga. Hoja ya "haiwezekani kwetu" tuliisikia wakati ule, ndiyo hii tunayoisikia sasa.

Daktari wa Kinondoni

Kwa heshima, Mtakwimu, mlinganisho huo una mpaka. Pale upande mmoja ulipewa dawa bandia. Hapa gemisitabini ni tiba halisi: miligramu 1,000 kwa mita ya mraba, dakika 30, mara moja kwa wiki, wiki tatu na kupumzika moja. Kwa mgonjwa dhaifu anayeshinda kitandani hadi nusu ya siku, ni chaguo halali hata Ulaya. Jaribio la Ufaransa lenyewe lilichukua wenye nguvu tu, wasiozidi miaka 75, na bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo inayopimwa kwenye damu, isiyozidi mara 1.5 ya kiwango cha juu cha kawaida.

Kama tunatafuta njia ya kati, kapesitabini ni kemo ya vidonge, haina pampu. Gemisitabini na kapesitabini ilishinda gemisitabini tupu kwenye jaribio la ESPAC-4, miezi 28.0 dhidi ya 25.5. Kwa nini lisiwe ndilo kundi la kulinganisha?

Mtakwimu

Daktari, ESPAC-4 ilikuwa ya waliokwisha kufanyiwa upasuaji uvimbe ukatolewa. Mleta mada anazungumzia ugonjwa uliosambaa. Huko, jaribio la Uingereza la 2009 la mchanganyiko huohuo lilipata miezi 7.1 dhidi ya 6.2, na tofauti hiyo haikuvuka mstari wa uhakika wa kitakwimu. Tusichanganye makundi haya mawili, maana hapo ndipo itifaki nyingi mbovu huanzia.

Daktari wa Kinondoni

Nakubali, nimekosea kundi. Hoja ya wagonjwa dhaifu bado inasimama.

Niongeze jambo ambalo wanaosema "tusubiri hadi tuwe tayari" hawaligusi. Dozi hizi zimepimwa zaidi kwa Wazungu. Irinotekani husafishwa na kimeng'enya cha UGT1A1, na aina ya jeni inayokifanya kivivu, ile ya *28, imeenea Afrika kuliko Ulaya. Fluorourasili husafishwa na kimeng'enya cha DPD. Kipimo cha jeni kinachotumika Ulaya hutafuta mabadiliko manne ya DPYD, jeni ya kimeng'enya hicho. Badiliko la Y186C, linaloonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, halimo kwenye hayo manne. Mgonjwa wa Dar anaweza kuambiwa "uko salama" na karatasi ambayo haikumtafuta yeye. Hata alama ya damu ya CA 19-9: wasio na antijeni ya Lewis, alama ya kurithi iliyo kwenye damu, hawaitengenezi kabisa, na kwa watu weusi ni wengi kuliko kwa Wazungu. Ukitumia CA 19-9 kupima kama dawa inafanya kazi, hao wote wanakupotea. Haya hayatajulikana bila majaribio kufanyika hapa.

Muuguzi wa Temeke

Mnajadili dripu, mimi nauliza kuhusu manjano. Uvimbe wa kichwa cha kongosho unabana mrija wa nyongo. Mgonjwa anafika macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, anajikuna usiku kucha, na ameshapita kwa mganga na maduka mawili ya dawa. Kwa bilirubini ile haingii kwenye jaribio lolote mliloandika. Lazima kwanza awekewe stenti, kijirija cha kuufungua mrija wa nyongo, kisha asubiri bilirubini ishuke, na kwa mwili uliochoka inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Stenti ya plastiki huziba ndani ya miezi mitatu hivi. Ikiziba katikati ya kemo, anapata homa na kutetemeka, seli nyeupe zikiwa chini. Huyo anaweza kufa kwa maambukizi ya nyongo, na kwenye jedwali la utafiti ataandikwa amekufa. Ya chuma hudumu zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Nani analipia stenti ya pili?

Kingine ni chakula. Kongosho lisipotoa vimeng'enya, mafuta hayasagwi, choo kinaelea na mtu anakonda huku anakula. Vidonge vya vimeng'enya vinavyotakiwa ni kama yuniti 50,000 za lipasi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, kwa kila mlo, vimezwe pamoja na chakula, si baada yake. Vinatokana na kongosho la nguruwe. Kwenye mji wenye Waislamu wengi namna hii, jambo hilo liandikwe wazi kwenye fomu, mgonjwa apate muda wa kumuuliza shehe wake. Ukimficha, siku akijua ataacha vyote, na ataacha na jaribio.

Mjumbe wa maadili

Ahsante, Muuguzi. Nishike hapo kwenye fomu ya ridhaa, kwa sababu kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa, hakirekebishi Kiswahili kibovu.

"Utachaguliwa kwa bahati nasibu." Mtu wa kawaida anasikia zawadi: aliyepata dawa mpya ameshinda, mwingine amekosa. Andikeni kwamba kompyuta ndiyo itakayopanga, na si yeye, wala ndugu, wala daktari anayeweza kuchagua. "Dawa mpya" kwa masikio yetu ni dawa bora, basi iitwe "dawa inayochunguzwa". Na baada ya kusomewa, mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atapata nini ikiwa hataingia kabisa. Akishindwa, hajaridhia, hata kama dole gumba liko kwenye karatasi.

Kuna na hili: ndugu wengi huomba daktari asimwambie mzee kwamba ni saratani, aambiwe "uvimbe wa tumbo". Kwenye huduma za kawaida mnalimaliza kifamilia. Kwenye utafiti haiwezekani. Asiyeambiwa ugonjwa wake hawezi kutia saini, na mtoto wake mkubwa hawezi kumtilia.

Mleta mada

Nimesoma yote na ninarekebisha msimamo. Kwa wenye nguvu, gemisitabini tupu bado nasema hapana. Kwa dhaifu, nakubali, ila liwe jaribio lao peke yao, wasichanganywe na wengine ili kushusha wastani wa kundi.

Kuna mfano wa kuiga. Daraxonrasib, kidonge cha kila siku kinachozuia RAS, protini zinazochochea saratani kukua, iliingia awamu ya tatu mwaka 2024 kwa waliokwisha kupata tiba ya kwanza, na kundi la kulinganisha lilipangiwa kemo anayoichagua daktari miongoni mwa zinazokubalika. KRAS, jeni ya mojawapo ya protini hizo, imebadilika kwa takriban asilimia 90 ya saratani hizi, kwa hiyo kidonge cha aina hii kinatuhusu. Hakina pampu wala dekstrozi. Madhara yake makubwa ni vipele na vidonda vya mdomoni, na hapo niwaombe watakaoandika itifaki: vipele mara nyingi hutambuliwa kwa wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Wauguzi wafundishwe kupapasa na kuuliza maumivu.

Muuguzi wa Temeke

Vizuri. Stenti ya pili bado hujanijibu.

Mleta mada

Mfadhili. Iandikwe kwenye mkataba, ya chuma, na nauli ya kurudi hospitali usiku iwemo.