Shule wanataka kumfanyia mtoto tathmini: nitie sahihi?

Kutoka: Mama wa watatu, Ohio
Jumanne usiku

Ndugu zangu, hamjambo.

Naomba ushauri, tena upesi. Jana kijana wangu wa pili karudi na bahasha ya shule. Ndani mna karatasi nane za Kiingereza na mahali pa kutia sahihi. Nilichoambulia ni kwamba wanataka kumfanyia tathmini ya elimu maalumu. Ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na tuna miaka miwili na nusu hapa Marekani. Mwalimu wake anasema hafuati maelekezo, kusoma kunamshinda, na akiulizwa anakaa kimya.

Baba yake hataki tutie sahihi. Anasema wakishamwandika huko jina halifutiki, atafungiwa darasa la peke yake mpaka amalize shule. Shangazi yake kwenye simu anasema ni uvivu, achapwe tu. Mimi sijui nishike lipi. Ni Kiingereza bado hakijaingia, au kuna kitu? Karatasi inatakiwa Ijumaa.

Mama wa watatu

---

Kutoka: Mwalimu msaidizi, Minnesota
Jumatano alfajiri

Mama, pole kwa mawazo. Mimi ni mwalimu msaidizi wa elimu maalumu, huu ni mwaka wangu wa tisa katika shule ya msingi. Barua yangu itakuwa ndefu, univumilie.

Nianze na karatasi. Hiyo ni ridhaa ya tathmini tu, haimpeleki mtoto darasa lolote. Sheria ya shirikisho inayosimamia mambo haya inaitwa IDEA, na mzizi wake ni sheria iliyopitishwa mwaka 1975. Inataka ridhaa yako mara mbili: kabla ya kumpima mtoto, halafu tena kabla ya kuanza kumpa huduma kwa mara ya kwanza. Katikati hapo unaweza kukataa, na hata huduma zikishaanza unaweza kuondoa ridhaa yako kwa maandishi. Ukitia sahihi, shule ina siku 60 za kumaliza tathmini, isipokuwa pale jimbo lilipoweka muda wake lenyewe. Ikionekana mtoto anastahili, mkutano wa kuandika mpango wake, ule wanaouita IEP, lazima ufanyike ndani ya siku 30.

Lakini usitie sahihi jambo usilolielewa. Ijumaa ni tarehe waliyoipanga shuleni, haimo kwenye sheria. Waandikie baruapepe leo, hata mistari mitatu inatosha: nimepokea fomu, naomba nielezwe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, naomba mkalimani. Mkalimani hulipi wewe. Wala usikubali mwanao mkubwa ndiye atafsiri. Mwongozo wa serikali kuu wa mwaka 2015, uliokuja kuondolewa mwaka 2025, ulizikataza shule kuwategemea wanafunzi, ndugu zao au marafiki katika kazi hiyo. Mtoto hawezi kubeba habari za mdogo wake mbele ya watu wazima sita.

Sasa swali lako lenyewe. Sheria inasema mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kutojua Kiingereza, au kutofundishwa kusoma ipasavyo. Ndiyo maana tathmini inatakiwa ifanyike kwa lugha itakayoonyesha kweli anachokijua. Hapo ndipo wewe unapojua kuliko sisi wote. Shule inamwona mtoto kwa lugha moja tu. Wewe unamwona kwa ile aliyozaliwa nayo, na tatizo la kweli la lugha au la kujifunza huonekana katika lugha zote mbili. Haliji kwenye Kiingereza peke yake.

Kwa hiyo mwangalie wiki hii, kwa Kiswahili, bila kumwambia kwamba unampima. Mtume vitu viwili kwa mpigo: kalete kiatu cha mdogo wako, halafu ufunge mlango wa bafuni. Je, anafanya vyote viwili au anasimama katikati ya njia? Mwombe akusimulie ugomvi uliotokea kwenye basi la shule. Je, unaelewa nani alianza, nini kikafuata, uliishaje? Au anaruka huku na huku, anasema "yule, kile, pale" mpaka unakata tamaa? Mlinganishe na dada yake alipokuwa na miaka minane. Yaandike utakayoyaona, na tarehe.

Na kusoma pia. Kiswahili kina neema moja: kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mpe ba be bi bo bu, kisha ma me mi mo mu, kisha umwunganishie: *mama, bibi, mabomu*. Kama hajawahi kufundishwa kusoma Kiswahili, kumpima siku moja ni kumwonea. Mfundishe dakika kumi kila jioni kwa wiki tatu, nne hivi. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza tu mara nyingi hushika silabi haraka, anafurahi, anaanza kusoma mpaka maandishi ya kwenye kopo. Akiendelea kukwama kwenye silabi zilezile, jana alizijua na leo zimepotea, hilo nalo ni jibu. Waambie.

Kuhusu uvivu. Wengi wa wanafunzi wangu walifika wakiwa wameshaitwa wavivu kwa lugha mbili. Mwaka jana tulikuwa na mtoto ambaye kila kengele ya kubadilisha somo ikilia anaingia chini ya meza. Waliomtangulia walimwadhibu. Sisi tulimbandikia kipande cha plastiki ukingoni mwa meza, chenye picha tano zinazong'oka: kitabu, hesabu, chakula, uwanja, basi. Somo likiisha anaing'oa picha mwenyewe na kuitia mfukoni. Siku ya nne kengele ililia, akashika picha ya hesabu, akaitazama, akaing'oa, akabaki kwenye kiti. Hakuwa na kiburi kamwe. Alikuwa hajui kinachofuata, na kutojua kulimtisha.

Mwalimu

---

Kutoka: Baba wa binti mmoja, Kentucky
Jumatano jioni

Dada, mimi naongea kama mtu aliyechelewa. Kwetu ilikuwa kinyume. Sisi ndio tulioomba binti yetu apimwe, shule ikasema subirini, huyu ni mwanafunzi wa Kiingereza, apewe muda. Tukasubiri miaka miwili. Tulikuwa tunaomba kwa mdomo, mlangoni, tunapokwenda kumchukua, na maneno ya mlangoni hayana kumbukumbu. Siku nilipoandika barua yenye tarehe nikabaki na nakala, ndipo mambo yakaanza kusogea.

Hatua ya kwanza ikawa kupima macho na masikio. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Miaka miwili yote alikuwa ameketi upande wa dirisha, mwalimu akiwa kushoto kwake.

Kujifunza Kiingereza si sababu ya kumnyima mtoto tathmini. Sikulijua hilo. Kama shule yenu imeanza yenyewe, mimi naona mmepata bahati ambayo sisi hatukuipata. Na kama mna hofu ya karatasi za uhamiaji, ondoeni: tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Plyler v. Doe mwaka 1982, mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hiyo.

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwafundisha wazazi wenye watoto kama hawa, kinapewa fedha na serikali kuu na huduma ni bure. Wa kwetu walikuja wakakaa nami mkutanoni. Sheria inakuruhusu kwenda na mtu yeyote anayemjua mtoto au anayeyajua mambo haya.

---

Kutoka: Kijana, Maine
Alhamisi

Shikamooni wazazi.

Kwa kawaida nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu ya yale aliyoyasema baba kuhusu jina lisilofutika. Nina mtindio wa ubongo. Natembea kwa magongo, na usemi wangu unachelewa kutoka. Nimekuwa na IEP tangu darasa la kwanza mpaka nilipomaliza sekondari, na sikufungiwa popote. Sheria inataka mtoto asome pamoja na wenzake kwa kiasi kinachowezekana, na kumtoa darasani lazima kuwe na sababu iliyoandikwa. Mimi nilikuwa natoka nusu saa mara mbili kwa wiki kwenda kwa mtaalamu wa usemi, basi.

Jina halikuniumiza. Kilichoniumiza ni watu kunimalizia sentensi. Mwalimu anauliza, najua jibu, nalitafutia njia ya kutoka, na kabla halijafika midomoni mtu mwingine kashajibu. Darasa la sita nikapata mwalimu aliyeuliza kisha akanyamaza. Alikuwa anahesabu moyoni, aliniambia baadaye, mpaka kumi. Mwaka ule nilizungumza zaidi ya miaka mitano iliyotangulia.

Nilipofika miaka 16 nilikaa mwenyewe kwenye mkutano wangu, maana kuanzia hapo mpango lazima useme mtoto ataelekea wapi akimaliza shule. Mama yangu alitaka nisome jambo la kukaa ofisini. Nikasema nataka kufundisha. Iliandikwa. Ninasomea ualimu sasa.

Mzee, ukiniruhusu: mwache apimwe.

---

Kutoka: Mama wa watatu, Ohio
Miezi mitatu baadaye

Ndugu zangu, asanteni. Baba yake alisoma barua ya kijana wa Maine mara mbili, hakusema neno, kesho yake tukatia sahihi. Mungu akubariki mwanangu.

Mkutano ulikuwa juzi. Macho na masikio ni mazima. Mafumbo ya maumbo na picha anayafumbua kama wenzake, hata kuwazidi. Kusoma ndiko shida, na kushika maelekezo marefu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Daftari langu lile la wiki nne walilitaka lote, mwanasaikolojia wa shule akalipiga picha kurasa zote.

Jambo moja lilitutia uchungu. Mkalimani alikuwa wa simu. Walipotaja aina ya ulemavu, yeye akatafsiri "ulemavu wa akili". Mume wangu akasimama. Nikamshika mkono, nikamwomba mkalimani aulize tena: mnasema akili yake ina upungufu? Wakashtuka wote. Hapana, wakasema, akili yake ni nzuri, ni kujifunza kusoma tu ndiko kumekwama. Kama tungeondoka pale pale, tungeishi na neno lile maisha yote.

Mwalimu, nina mawili. Mpango una lengo linalosema "ataboresha usomaji wake". Linatosha? Na mwalimu wa darasa alishauri tuache Kiswahili nyumbani asichanganyikiwe. Bado sijatia sahihi ya huduma.

---

Kutoka: Mwalimu msaidizi, Minnesota
Usiku huohuo

Mama, umefanya kazi ambayo hakuna mtu mwingine mezani pale angeweza kuifanya.

Nianze na lile neno, kwa faida ya wote wanaosoma. Walichokisema ni ulemavu mahususi wa kujifunza. Ni aina moja kati ya 13 zilizotajwa kwenye sheria, na ulemavu wa akili ni aina nyingine kabisa. Disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, inaingia kwenye huo wa kujifunza. Kabla ya mkutano mwingine omba mkalimani wa kukaa chumbani, na ripoti uipate siku kadhaa mapema ili maneno magumu myakubaliane kwanza. Mkalimani akiteleza, simamisha mkutano kama ulivyofanya, na usione haya.

Lengo hilo halitoshi. "Ataboresha" halipimiki, na mwakani kila mtu ataweza kusema limetimia. Lengo linatakiwa liseme leo yuko wapi, afike wapi, lini, na tutajuaje. Mfano wangu tu: ifikapo Mei, akipewa aya asiyoijua ya kiwango cha darasa la pili, atasoma maneno 70 kwa dakika bila kukosea zaidi ya manne, akipimwa kila baada ya wiki mbili. Namba sahihi watazitoa kwenye vipimo vyake. Kisha tazama ukurasa wa huduma: dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, nani atamfundisha, chumba gani. Waulize pia watamfundishaje kusoma. Mtoto wa namna hii anahitaji kufundishwa sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa utaratibu, kwa kurudiarudia. Kumwachia vitabu abahatishe maneno kwa kutazama picha hakutamsaidia. Mpango unapitiwa angalau kila mwaka, na tathmini angalau kila baada ya miaka mitatu, lakini wewe unaweza kuomba mkutano wakati wowote.

Kiswahili msikiache. Namheshimu mwalimu huyo, ila katika hili amekosea. Lugha mbili hazisababishi ulemavu wa kujifunza, na kuondoa moja hakuuponyi. Mtoto anayesimuliwa hadithi kwa lugha ambayo mama yake anaimudu anapata maneno mengi, maswali mengi, mawazo marefu, na hayo yote anakwenda nayo darasani. Ukijilazimisha Kiingereza cha kuokoteza, utabaki na kula, vaa, lala. Mtoto naye atakosa watu wa kuongea nao nyumbani kwake.

Nyumbani mpe agizo moja kwa wakati mmoja, mwache alirudie kwa mdomo wake ndipo aende. Akilizoea, ongeza la pili. Silabi ziendelee, dakika kumi, msizidishe, na mwishie kwenye neno analoliweza.

Nitumie ukurasa wa malengo, ufunike jina lake na la shule. Nikitoka kazini kesho nitaupitia, nikuandikie kwa Kiswahili nini cha kuuliza kwenye kila mstari, kabla hujatia hiyo sahihi ya pili.